Namna ya Kuandaa Utafiti wa Hatari Zinazowakabili Wagonjwa wa Upasuaji

Kila mwaka duniani hufanyika upasuaji zaidi ya milioni 300, na makadirio yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba watu wapatao milioni 4.2 hufariki ndani ya siku 30 baada ya kupasuliwa, idadi inayozidi vifo vya UKIMWI, kifua kikuu na malaria vikijumlishwa pamoja. Sehemu kubwa ya vifo hivyo haitokei mezani. Katika utafiti uliofanyika kwenye nchi 25 za Afrika na kuchapishwa mwaka 2018, zaidi ya vifo 9 kati ya kila 10 vilitokea kuanzia siku iliyofuata upasuaji, yaani wakati mgonjwa amekwisha kurudishwa wodini na timu ya chumba cha upasuaji imekwisha kugeukia mgonjwa mwingine. Hapo ndipo utafiti unapohitajika, ili tujue ni nani aliye hatarini, hupatwa na madhara gani, hupatwa nayo lini, na ni yapi kati ya hayo yangeweza kuzuilika.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya daktari, muuguzi au mtaalamu wa usingizi anayetaka kuwafuatilia wagonjwa wa upasuaji wa hospitali yake kwa njia ya kisayansi, bila fedha nyingi na bila kuzungukwa na wataalamu wa takwimu. Tafiti za aina hii huharibika mara nyingi, lakini ni nadra kuharibikia kwenye hesabu. Huharibika mapema zaidi, pale mtafiti anapoanza kukusanya taarifa kabla hajaamua ni nani hasa anayehesabiwa na atafuatiliwa hadi lini. Nitakaa zaidi kwenye mambo hayo mawili, na kupita haraka kwenye yale ambayo kitabu chochote cha takwimu kinayaeleza vizuri.

Anza na swali moja

Kuna maswali ya aina tatu, na kila moja linadai utafiti wa namna yake. La kwanza ni swali la kiasi: ni wagonjwa wangapi kati ya waliopasuliwa tumbo hupata maambukizi ya kidonda? La pili ni swali la sababu: je, upungufu wa damu kabla ya upasuaji ndio unaosababisha vifo, na je, kuutibu kutapunguza vifo hivyo? La tatu ni swali la kutabiri: tukimwona mgonjwa leo asubuhi kabla hajaingia chumba cha upasuaji, tunaweza kusema kwa kiwango gani kwamba yumo hatarini?

Tofauti hiyo ina uzito mkubwa. Kwa mtu anayetaka kutabiri, haijalishi kama hemoglobini ya chini, yaani kipimo kinachoonyesha upungufu wa damu, ndiyo inayoua au ni dalili tu ya ugonjwa mwingine unaoua. Inatosha kwamba inamsaidia kumtambua aliye hatarini. Kwa mtu anayetafuta sababu, hilo ndilo jambo lenyewe. Mgonjwa mwenye upungufu wa damu mara nyingi ana saratani, ana figo dhaifu, au amekaa muda mrefu bila lishe ya kutosha, na kila moja kati ya hayo lina njia yake ya kumpeleka kaburini. Mtafiti anayechanganya maswali haya mawili huishia kuwashauri madaktari watibu kitu ambacho hakikuwa chanzo.

Historia ya upasuaji ina somo zito kuhusu jambo hili. Kwa miaka kadhaa iliaminika kwamba dawa za moyo za kundi la vizuizi vya beta, zinazopunguza kasi ya mapigo ya moyo, huwakinga wagonjwa wanaopasuliwa, kwa sababu mapigo ya moyo ya haraka yalihusishwa na mshtuko wa moyo baada ya upasuaji. Jaribio la POISE, lililochapishwa mwaka 2008 na kuhusisha wagonjwa 8,351 katika nchi 23, liliwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu, wengine wakapewa metoprolol, dawa mojawapo ya kundi hilo, na wengine kidonge kisicho na dawa. Mshtuko wa moyo ulipungua kweli. Lakini waliopewa dawa walikufa kwa asilimia 3.1 dhidi ya asilimia 2.3 ya wenzao, na kiharusi kiliongezeka maradufu, kutoka asilimia 0.5 hadi asilimia 1.0. Kuona kwamba jambo fulani linaambatana na hatari hakutoshi kumfanya mtu aliondoe kwa dawa, na utafiti wako wa kufuatilia wagonjwa, hata ukiwa mzuri namna gani, usidai zaidi ya uwezo wake.

Andika swali lako kwa sentensi moja inayotaja watu, kihatarishi (jambo linaloweza kuambatana na hatari), tokeo (kinachompata mgonjwa) na muda. Kwa mfano: "Kati ya watu wazima wanaofanyiwa upasuaji wa dharura wa tumbo, je, kiwango cha hemoglobini kilichopimwa kabla ya upasuaji kinasaidia kutabiri kifo ndani ya siku 30?" Ukishindwa kuitunga sentensi hiyo, usichapishe dodoso.

Nani anahesabiwa

Asilimia yoyote ina namba ya juu na namba ya chini. Watafiti wengi huihangaikia ile ya juu, yaani vifo na madhara, na kuisahau ile ya chini, yaani jumla ya wagonjwa wote waliostahili kuhesabiwa. Makosa ya namba ya chini hayaonekani kwa macho, kwa kuwa mgonjwa asiyeandikwa popote haachi pengo kwenye jedwali.

Chukua rejista ya chumba cha upasuaji na uisome kwa makini kwa wiki moja kabla ya kuanza. Utaona kwamba upasuaji wa mchana umeandikwa vizuri, kwa mwandiko mmoja, na kila safu imejazwa. Ule wa saa nane usiku umeandikwa kwa haraka, mara nyingine asubuhi yake, na mara nyingine haukuandikwa kabisa kwa sababu mgonjwa alifariki na watu wakashughulikia mambo mengine. Wagonjwa wa usiku ndio wagonjwa wa dharura, na wa dharura ndio wanaokufa zaidi. Utafiti unaotegemea rejista hiyo peke yake utatoa picha ya hospitali iliyo salama kuliko ilivyo.

Dawa yake ni kutumia vyanzo viwili au vitatu na kuvilinganisha kila siku. Linganisha rejista ya chumba cha upasuaji na fomu za usingizi, kisha zote mbili na orodha ya wagonjwa waliolazwa kwenye wodi za upasuaji na katika chumba cha wagonjwa mahututi. Jina linaloonekana kwenye chanzo kimoja na kukosekana kwenye kingine lifuatiliwe siku hiyo hiyo, maana baada ya wiki mbili hakuna atakayekumbuka. Mtu mmoja apewe jukumu hili kwa jina, na awe na mbadala wake siku za mapumziko.

Amua mapema pia mambo madogo ambayo baadaye huwa makubwa. Mgonjwa aliyerudishwa mezani siku ya tano kwa sababu mshono wa utumbo umeachia, je, ni mgonjwa mpya au ni yule yule aliyepata madhara? Kwa utafiti wa hatari, jibu karibu kila mara ni kwamba ni yule yule: upasuaji wa kwanza ndio unaoanzisha hesabu ya siku, na wa pili ni tokeo. Vipi mgonjwa aliyepewa usingizi lakini upasuaji ukaahirishwa kabla ngozi haijakatwa? Vipi aliyepasuliwa hospitali nyingine akaletwa kwako akiwa na usaha tumboni? Itifaki, yaani mpango rasmi wa utafiti, ijibu maswali haya kwa maandishi, na jibu lisibadilike katikati ya safari.

Usiwachague wagonjwa kwa urahisi wa kuwapata. Ni afadhali kuchukua kila mgonjwa, mchana na usiku, kwa majuma machache, kuliko kuchukua wale wanaopatikana saa za kazi kwa mwaka mzima. Utafiti ule wa nchi 25 nilioutaja ulikusanya wagonjwa 11,422 katika hospitali 247, na kila hospitali ilifanya kazi hiyo kwa siku saba tu, lakini katika siku hizo saba lengo lilikuwa kumpata kila mmoja. Mpango huo unafaa kuigwa na hospitali chache zinazoamua kushirikiana.

Vihatarishi vipimwe kabla ya kisu

Kila kihatarishi unachotaka kukichunguza kinapaswa kuandikwa kabla matokeo hayajajulikana. Daktari anayejaza fomu akijua kwamba mgonjwa amefariki atakumbuka kwamba alionekana dhaifu tangu mwanzo; akijua kwamba amepona, hatakumbuka. Hiyo si hila, ndivyo kumbukumbu ya binadamu ilivyo, na ndiyo sababu utafiti unaosonga mbele pamoja na wagonjwa unaaminika kuliko ule unaorudi nyuma kwenye mafaili.

Huhitaji vihatarishi hamsini. Umri, jinsia, aina ya upasuaji na ukubwa wake, kama ni wa dharura au wa kupangwa, hemoglobini, kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo), kisukari na namna kinavyotibiwa, ugonjwa wa moyo, kiharusi cha zamani, uvutaji wa sigara, pamoja na daraja la ASA vitakupeleka mbali. Daraja la ASA ni kipimo cha Chama cha Madaktari wa Usingizi cha Marekani ambacho mizizi yake ni ya mwaka 1941: daraja la kwanza ni mtu mwenye afya njema, la tano ni mtu asiyetarajiwa kuishi bila upasuaji, na la sita ni mtu ambaye ubongo wake umekwisha kufa na viungo vyake vinachukuliwa kwa ajili ya kumpandikizia mwingine. Kwa hatari za moyo ipo pia fahirisi iliyochapishwa mwaka 1999, inayohesabu mambo sita: upasuaji wenye hatari kubwa, ugonjwa wa mishipa ya moyo, moyo kushindwa kufanya kazi, kiharusi, kisukari kinachotibiwa kwa insulini, na kreatinini inayozidi miligramu 2 kwa desilita.

Ubora wa daraja la ASA ni wepesi wake, na udhaifu wake ni kwamba linategemea jicho la anayelitoa. Madaktari wawili wakimtazama mgonjwa mmoja, mmoja anaweza kusema la pili na mwingine la tatu. Kabla ya kuanza, chagua wagonjwa kadhaa, waombe wataalamu wawili wawape madaraja kila mmoja peke yake, kisha tazama wanakubaliana mara ngapi. Wakitofautiana mno, kaeni pamoja mkubaliane kwa mifano.

Namba iandikwe kama namba. Usiweke kwenye fomu kisanduku cha "ana upungufu wa damu: ndiyo au hapana" wakati maabara imekupa gramu 9.4 kwa desilita. Ukishaigeuza namba kuwa ndiyo au hapana, mgonjwa mwenye gramu 6 na mwenye gramu 11.5 wanakuwa sawa kwenye hesabu, na hutaweza kuwatenganisha tena. Vivyo hivyo kwa dawa ya kuzuia maambukizi: andika saa iliyotolewa na saa ngozi ilipokatwa. Fomu inayouliza "antibayotiki ilitolewa?" itapata "ndiyo" hata kwa mgonjwa aliyeipata nusu saa baada ya kukatwa, ilhali faida ya dawa hiyo hutegemea kuwa imekwisha kufika kwenye damu na nyama kabla kisu hakijagusa ngozi.

Tokeo liwe na mipaka inayoonekana

"Madhara baada ya upasuaji" si tokeo. Ni neno pana ambalo kila anayelisoma huliwekea maana yake. Kifo ni rahisi kukihesabu, mradi useme ni kifo cha hadi lini: cha hospitalini, au cha ndani ya siku 30 popote kinapotokea. Hivyo viwili havilingani, hasa pale ambapo wagonjwa mahututi huchukuliwa na ndugu zao warudi nyumbani.

Kwa maambukizi ya kidonda, fasili zinazotumika zaidi ni za Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani, ambazo huyagawa kuwa ya juujuu, ya ndani ya misuli, na ya kiungo au uwazi uliofunguliwa wakati wa upasuaji. Muda wa kuyaangalia ni siku 30, na hurefushwa hadi siku 90 kwa aina fulani za upasuaji, zikiwemo zile za kuweka kiungo bandia. Kwa figo, fasili ya KDIGO, shirika la kimataifa linalotoa miongozo ya magonjwa ya figo, husema kwamba figo zimeumia ghafla ikiwa kreatinini imepanda kwa miligramu 0.3 kwa desilita au zaidi ndani ya saa 48, au imefika mara moja na nusu ya kiwango cha awali ndani ya siku saba, au mkojo umekuwa chini ya mililita 0.5 kwa kila kilo ya uzito kwa saa kwa muda wa saa sita. Fasili kama hizi zinachosha kuzisoma, lakini ndizo zinazomwezesha msomaji wa mbali kulinganisha matokeo yako na ya kwake.

Ukali wa madhara hupimwa vizuri kwa mfumo wa Clavien na Dindo wa mwaka 2004. Mfumo huu hauulizi madhara yanaitwaje, bali yalihitaji nini. Daraja la kwanza halihitaji tiba ya pekee zaidi ya mambo madogo kama dawa za maumivu au za homa. La pili linahitaji dawa nyingine au kuongezewa damu. La tatu linahitaji kurudishwa mezani au kuingizwa vifaa mwilini kwa njia nyingine. La nne linatishia uhai na kuhitaji uangalizi wa wagonjwa mahututi. La tano ni kifo. Angalia jambo moja hapa. Mahali ambapo chumba cha wagonjwa mahututi kina vitanda vichache, mgonjwa aliyestahili daraja la nne atabaki wodini, na mtu asiye makini atamwandika la pili kwa sababu alipata dawa tu. Hospitali yenye upungufu itaonekana kuwa na madhara mepesi. Kwa hiyo fomu iulize mambo mawili tofauti: nini kilihitajika, na nini kilipatikana.

Kisha kuna tatizo la kutafuta bila usawa. Madhara yasiyotafutwa hayaonekani, na madhara yanayotafutwa kwa bidii kwa kundi moja tu yataonekana kuwa mengi katika kundi hilo. Watafiti wa VISION, utafiti wa kimataifa wa kuwafuatilia wagonjwa wa upasuaji, walipima troponini, kiashiria cha kuumia kwa moyo, kwa kila mgonjwa mwenye umri wa miaka 45 na kuendelea aliyefanyiwa upasuaji usio wa moyo na kulazwa. Kati ya wagonjwa 15,065 walioripotiwa mwaka 2014, asilimia 8 walikuwa wameumia moyo, na zaidi ya wanane kati ya kila kumi wa hao hawakuwa na dalili yoyote. Kama kipimo kingefanywa kwa wale tu wanaolalamika maumivu ya kifua, karibu wote wangepita bila kujulikana. Na kama daktari angewapima wenye kisukari peke yao kwa kuwahofia, kisukari kingeonekana kuwa chanzo cha kila moyo ulioumia. Ratiba ya kuwachunguza wagonjwa iwe moja kwa wote: siku zile zile, maswali yale yale, vipimo vile vile.

Kumfuata mgonjwa hadi nyumbani

Sehemu hii ndiyo ngumu kuliko zote, na ndiyo inayotenganisha utafiti wa kuaminika na usioaminika. Wagonjwa wengi huruhusiwa siku chache baada ya upasuaji, ilhali maambukizi mengi ya kidonda hujitokeza baada ya hapo. Mtafiti anayefunga fomu mgonjwa anapotoka wodini anapima muda wa kulazwa zaidi ya anavyopima hatari.

Wazo la kumfuata kila mgonjwa si jipya. Mwanzoni mwa karne ya 20, daktari mpasuaji Ernest Codman wa Boston alimwekea kila mgonjwa kadi na kumwangalia tena baada ya mwaka mmoja ili ajue kama tiba ilimsaidia, na kama haikumsaidia, kwa nini. Wenzake wengi hawakufurahia. Leo tuna simu, na kisingizio kimepungua.

Siku mgonjwa anapotoa ridhaa, andika namba mbili au tatu: yake, ya ndugu anayekaa naye, na ya mtu mwingine anayejua alipo. Zipigie zote akiwa bado yuko mbele yako, maana namba iliyokosewa tarakimu moja hugundulika wakati huo au haigunduliki kamwe. Mwulize ni saa ngapi anapatikana na kama kuna mtu ambaye hangependa ajue kwamba alipasuliwa. Mwambie wazi kwamba atapigiwa siku ya 30, na kwamba simu hiyo haimdai pesa.

Maneno ya simu yaandikwe mapema katika lugha anayoitumia mgonjwa, na anayepiga asiyabadilishe. Mgonjwa hasemi "nilipata maambukizi ya juujuu ya sehemu iliyopasuliwa." Husema kidonda kilikuwa kinatoa maji, nguo ilikuwa inashika, alikwenda zahanati wakamfungua nyuzi mbili na kumpa vidonge. Kwa hiyo usiulize kama kidonda kilipata maambukizi. Uliza kama kilitoa kitu chochote, kilikuwa na rangi gani, kama kulikuwa na harufu, kama pembeni paliwaka au kuvimba, kama kuna mtu alikifungua, na kama alipewa dawa mpya tangu atoke hospitali. Majibu hayo yaandikwe jinsi yalivyosemwa, kisha mtu mwingine asiyejua vihatarishi vya mgonjwa huyo ayalinganishe na fasili.

Wapo ambao hawatapatikana. Usiwafute kimya kimya. Tuseme ulikuwa na wagonjwa 200, ukawapata 180, na kati yao watano wamefariki. Ukiwahesabu wote 20 waliopotea kuwa wazima, vifo ni asilimia 2.5, ukiwahesabu wote kuwa wamefariki, ni asilimia 12.5. Ukweli uko mahali fulani katikati, na upana wa pengo hilo ndio kipimo cha udhaifu wa utafiti wako. Wale waliopotea si lazima wafanane na waliopatikana: simu isiyopokelewa inaweza kuwa ya mtu aliyerudi kazini, na inaweza kuwa ya marehemu. Linganisha umri wao, madaraja yao ya ASA na aina za upasuaji wao na wale uliowapata, na uyaonyeshe matokeo ya ulinganisho huo kwenye ripoti.

Ridhaa na wajibu

Azimio la Helsinki, tamko la Chama cha Madaktari Duniani kuhusu maadili ya utafiti, lililopitishwa mwaka 1964 na kurekebishwa mara kadhaa hadi mwaka 2024, linataka kila utafiti unaohusu binadamu upitiwe na kamati ya maadili kabla ya kuanza. Hata utafiti usiobadilisha tiba yoyote unahitaji kibali hicho, kwa sababu unagusa siri za watu.

Ugumu hujitokeza kwa mgonjwa wa dharura. Mtu aliyejikunja kwa maumivu, ambaye amekwisha kusaini karatasi ya kukubali upasuaji, hayuko katika hali ya kuelewa karatasi ya pili, na saini yake kwenye karatasi hiyo haina uzito. Ieleze kamati hali hii mapema na uiombe utaratibu unaofaa, kwa mfano ndugu atoe ruhusa kwanza na mgonjwa aulizwe mwenyewe akishatulia. Usichague njia rahisi ya kuwaacha wagonjwa wa dharura nje ya utafiti, kwa kuwa utakuwa umewaacha wale ambao utafiti unawahusu zaidi.

Jiandae pia kwa kile utakachokikuta. Siku ya 30 utampigia mtu atakayekwambia kwamba tumbo limevimba na hajapata choo kwa siku nne. Wakati huo wewe si mtafiti anayejaza kisanduku. Itifaki itaje ni nani atakayepigiwa, mgonjwa aje wapi, na atapokelewa vipi bila kuanzia mwisho wa foleni. Majina yatunzwe mbali na takwimu, na orodha inayounganisha jina na namba ya utafiti ikae kwa mtu mmoja, imefungwa.

Idadi ya wagonjwa na uchambuzi

Vifo ni vichache, na uchache huo huwapumbaza watafiti. Vifo vitano kati ya wagonjwa 200 ni asilimia 2.5, lakini mipaka ya uhakika ya asilimia 95, yaani eneo ambalo kiwango halisi huenda kimo, inaanzia takriban asilimia 1.1 hadi 5.7, kwa hiyo hospitali iliyopata asilimia 5 haijathibitishwa kuwa mbaya kuliko yako. Na ukiwafuatilia wagonjwa 60 bila kifo hata kimoja, usiandike kwamba hakuna hatari. Kanuni ya tatu, yaani 3 igawanywe kwa idadi ya wagonjwa, inaonyesha kwamba hatari halisi inaweza kufika asilimia 5.

Kwa regresheni yenye vihatarishi kadhaa, yaani hesabu inayopima uhusiano wa kila kihatarishi na tokeo huku vingine vikizingatiwa, kanuni ya zamani hutaka angalau matukio 10 kwa kila kihatarishi, na anayehesabiwa ni tukio, si mgonjwa. Ukiwa na vifo 30, weka vihatarishi vitatu, si kumi na viwili. Zipo leo njia bora zaidi za kukokotoa idadi hiyo, lakini anayeiheshimu hata hii ya zamani ataepuka makosa makubwa. Kama vifo havitatosha, chagua tokeo linalotokea mara nyingi zaidi, kama vile madhara ya daraja la tatu na kuendelea, na ulichague kabla ya kuona takwimu.

Mpango wa uchambuzi uandikwe na kuwekewa tarehe kabla ya kufungua jedwali. Orodhesha ndani yake vihatarishi utakavyovizingatia na sababu ya kila kimoja. Usirekebishe hesabu kwa jambo lililotokea baada ya upasuaji na ambalo huenda ni sehemu ya njia ielekeayo kwenye kifo. Ukirekebisha kwa kulazwa chumba cha mahututi, unaweza kuifuta athari ile ile unayoitafuta. Jihadhari na muda usioweza kufa. Ukiwalinganisha waliopewa dawa siku ya tatu na ambao hawakupewa, kumbuka kwamba kundi la kwanza lililazimika kuishi siku tatu ili liipate, na aliyefariki siku ya kwanza amehesabiwa dhidi ya kundi la pili bila kosa lake. Anza kuhesabu kwa wote kuanzia siku ya tatu.

Usidhani pia kwamba hatari yote imo ndani ya mwili wa mgonjwa. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti wa Marekani wa wagonjwa 84,730 ambao uligundua kwamba hospitali zenye vifo vingi na zenye vifo vichache zilikaribiana kwa kiasi cha madhara makubwa, asilimia 18.2 na asilimia 16.2. Zilichotofautiana ni hatima ya mgonjwa aliyekwisha kupata madhara: asilimia 21.4 walikufa katika kundi la kwanza, na asilimia 12.5 katika la pili. Kwa sababu hiyo napendekeza kila fomu iwe na safu mbili za muda, ya saa dalili ya kwanza ilipoandikwa na ya saa daktari alipofika kitandani. Ni safu mbili tu, lakini huonyesha mambo ambayo umri na hemoglobini haviwezi kuonyesha.

Kuripoti na kurudisha matokeo

Andika ripoti kwa kufuata mwongozo wa STROBE, uliochapishwa mwaka 2007 kwa ajili ya tafiti za uchunguzi, au TRIPOD ikiwa umetengeneza kikokotoo cha kutabiri. Onyesha mchoro wa idadi: wangapi walipasuliwa, wangapi walistahili, wangapi walikataa, wangapi walifuatiliwa hadi mwisho. Toa tofauti ya hatari kwa asilimia kamili pamoja na uwiano wake, kwa sababu hatari iliyoongezeka maradufu kutoka mgonjwa 1 hadi 2 kati ya 1,000 si sawa na ile ya kutoka 100 hadi 200. Kikokotoo kilichotengenezwa kwa wagonjwa wako kisitumiwe kwingine kabla hakijajaribiwa kwa wagonjwa wapya, maana karibu kila kikokotoo hufanya vizuri mahali kilipozaliwa.

Kabla ya kupeleka makala kwenye jarida, wapelekee matokeo wauguzi wa wodi, timu ya usingizi na wanaoandika ile rejista ya usiku, katika ukurasa mmoja wenye grafu moja au mbili. Waonyeshe madhara yalijitokeza siku ya ngapi na katika wodi zipi, bila kutaja majina ya wagonjwa wala ya madaktari, kisha waulize ni lipi kati ya hayo halifanani na wanachokiona kila siku. Mara nyingi jibu lao litafichua mgonjwa aliyerukwa au safu iliyojazwa kwa kukisia, na hapo bado kuna muda wa kusahihisha.